Tandiko la Abiria: Historia ya Siti ya Pikipiki hadi Bariadi

Historia za viti zimeandikwa, lakini aghalabu ni historia za viti vya wakubwa. Kiti cha enzi cha mwambao, kilichoundwa kwa mpingo na kupambwa kwa pembe, kimewekwa katika makumbusho na kusimuliwa na wajuzi. Kigoda cha mtemi wa Usukuma nacho kina heshima yake. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi ya kuhifadhi utamaduni wa Wasukuma katika miaka ya 1950, aliacha makumbusho ambayo jengo lake moja limepewa umbo la kiti cha kifalme. Viti vya namna hiyo havikosi mwandishi. Siti ya pikipiki haina mwandishi, ingawa kila siku hukaliwa na watu wengi zaidi kuliko viti vyote vya enzi vilivyopata kuchongwa.

Katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012, pikipiki ndiyo miguu ya mji na vijiji vyake. Na penye pikipiki hapakosi fundi siti: mtu mwenye kisu kirefu, gundi, cherehani ya kushonea vitu vizito, na vipande vya sponji vilivyorundikwa kando. Kazi yake ni kuitengeneza upya siti iliyotoka kiwandani, ili imfae anayeiendesha, impendeze anayeitazama, na isimwadhibu anayebebwa. Mwenye haraka atasema hilo ni jambo dogo. Lakini ndani yake limo swali ambalo njia za Afrika Mashariki zimeliuliza tangu zamani: ugumu wa safari uangukie mwili wa nani?

Lugha yenyewe inakumbuka kuwa swali hilo ni kongwe. Waswahili hawakungoja pikipiki ndipo wajue haja ya kuweka kitu laini baina ya mwili na mzigo, au baina ya mwili na chombo. Kata, ambayo wengine huiita ngata, ni kitambaa au majani yaliyoviringwa na kuwekwa kichwani chini ya mtungi. Shogi ni mkoba mpana wa ukili uliotandazwa juu ya mgongo wa punda. Seruji ni tandiko la farasi lililokuja pamoja na Waarabu. Na neno tandiko lenyewe limetoka katika kutanda na kutandika: punda hutandikwa kama kitanda kinavyotandikwa. Aliyeliunda neno hilo alijua kwamba safari na usingizi vyote viwili huhitaji mtandazo, na kwamba asiyetandikiwa hulala chini.

Karne ya 19, ilipokuwa misafara ikipanda kutoka pwani kwenda Unyanyembe na kuendelea kaskazini, mzigo uliwekwa juu ya binadamu. Wapagazi wa pwani waliubeba kichwani, juu ya kata. Wa Unyamwezi na Usukuma waliuweka zaidi begani, na nyama ya bega ndiyo iliyokuwa mto wake. John Hanning Speke aliivuka nchi ya Wasukuma mwaka 1858 mpaka akaliona ziwa. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1875, akautaja mto Simiyu kuwa ndio mkono wa mbali wa kusini wa maji ya Nile. Vitabu vya wasafiri hao vimejaa hesabu za vitambaa, shanga na waya wa shaba. Hesabu ya mabega yaliyochubuka haimo. Hapo ndipo mahali pa kuanzia historia ya siti: katika nchi ambayo mto wa mzigo ulikuwa mwili wa mchukuzi mwenyewe.

Badiliko kubwa lililetwa na pamba. Zao hilo lilipandwa Usukuma tangu zama za Wajerumani, likakuzwa zaidi chini ya Waingereza, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia likawa ndilo chemchemi ya fedha za mkulima. Wakulima walijikusanya katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la vyama vya ushirika vya Viktoria, akiwamo Paul Bomani miongoni mwa viongozi wake wakuu. Fedha za pamba zilinunua mabati, ng'ombe, majembe ya kukokotwa na, juu ya yote, baiskeli. Kijana aliyerudi kutoka mnadani na Raleigh mpya alikuwa amerudi na miguu miwili zaidi ya ile aliyozaliwa nayo.

Baiskeli hiyo ilikuja na siti ya mtu mmoja. Kiti cha ngozi kilichowambwa juu ya chuma, chenye springi nyuma, kilikuwa matunda ya viwanda vya Birmingham, ambako John Boultbee Brooks alisajili uvumbuzi wake wa kiti cha baiskeli mwaka 1882. Mzungu aliyekibuni alimfikiria mwendeshaji peke yake. Nyuma aliweka keria, yaani fremu ya vyuma vyembamba kwa ajili ya mizigo. Lakini katika Afrika Mashariki mzigo wa keria haukuwa gunia tu. Alikuwa mke anayepelekwa kwao, mtoto anayepelekwa zahanati, na mzee anayekwenda kusikiliza shauri lake bomani. Wote hao walikaa juu ya vyuma, na kila shimo la njia waliliona kwa mifupa yao.

Aliyekwenda kulijibu tatizo hilo hakuwa mhandisi. Katika miaka ya 1960, huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, vijana waliokuwa wakiwavusha wafanyabiashara na mizigo yao kati ya kituo cha forodha cha upande mmoja na cha upande wa pili walianza kufunga mto juu ya keria. Walinadi safari kwa kuutaja mpaka kwa Kiingereza, na ulimi wa watu ukalizungusha neno hilo likawa boda, kisha bodaboda. Mara nyingi husimuliwa jina hilo na kusahauliwa mto. Lakini mto ndio uliofanya biashara iwezekane. Bila mto, baiskeli ilikuwa mali ya mtu anayempa jirani yake lifti. Kwa mto, ikawa chombo cha abiria, kwa kuwa mtu wa nyuma amekubaliwa kuwa mtu, amewekewa mahali pake, na kwa hiyo anaweza kudaiwa nauli. Kukaa vizuri ndiko kulikozaa bei.

Desturi hiyo ya kutandika keria ilienea katika miji mingi ya kanda ya ziwa. Shinyanga, ambako Bariadi ilikuwa wilaya yake kabla ya 2012, ilijulikana kwa baiskeli za abiria ambazo watu waliziita daladala, kwa jina la mabasi madogo ya mjini. Mito yake ilishonwa kwa mabaki ya vitambaa na kujazwa kilichopatikana: matambara, vipande vya magodoro, hata pamba. Hapo pana jambo la kutafakari. Katika nchi ya pamba, pamba haikuweza kuwa mto wa kudumu wa safari. Pamba ikikaliwa hushindiliwa, na ikishashindiliwa hairudi. Baada ya wiki chache mto huwa bapa na mgumu kama mkate wa jana. Ilihitajika kitu chenye kukumbuka umbo lake.

Kitu hicho kilikuwa kimeshapatikana mbali. Mwaka 1929, katika maabara ya kampuni ya Dunlop huko Birmingham, utomvu wa mpira ulipigwa mpaka ukatoa povu, na povu lile likagandishwa likawa mto. Mwaka 1937 Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua kemia ya plastiki ambayo baadaye, katika miaka ya 1950, ilitoa sponji nyepesi na rahisi iliyojaza magodoro na viti vya ulimwengu mzima. Siri ya sponji ni hewa: vijumba vidogo visivyo na idadi, vyenye kuta zinazopinda na kurudi. Miaka hiyohiyo pikipiki nazo zilikuwa zikibadilika. Zile za mwanzo zilikuwa na kiti cha mwendeshaji chenye springi, na nyuma yake kijito kidogo juu ya mudigadi. Baada ya vita, viwanda vikaanza kuviunganisha viti viwili kuwa kimoja kirefu. Abiria akapata nafasi kwa mara ya kwanza katika mchoro wa mhandisi mwenyewe, lakini alipata pia mashaka mapya: mpaka kati yake na dereva ukafutwa.

Pikipiki zilizokuja kuijaza Tanzania mwanzoni mwa karne ya 21 zilitoka China na India: SanLG, T-Better, Toyo, Boxer, TVS na nyinginezo. Nyingi za Kichina zilifuata mfano wa Honda CG125, mashine iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi zenye njia mbaya na mafundi wachache. Bei yake iliweza kufikiwa na mwalimu, mfanyabiashara wa dagaa, au mkulima aliyevuna vizuri. Zikaanza kubeba abiria kabla sheria haijazitambua. Kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010 chini ya SUMATRA, mamlaka ambayo kazi zake za usafiri wa nchi kavu zilirithiwa na LATRA mwaka 2019. Tangu hapo bodaboda ni kazi yenye leseni, kofia ngumu, na abiria mmoja kwa safari.

Siti iliyokuja na mashine hizo ni ndefu na karibu sawasawa toka mbele hadi nyuma. Ukiibandua utakuta mambo matatu: kitako cha plastiki au bati, sponji iliyomiminwa katika kalibu, na ngozi ya bandia, ambayo mafundi wengi huiita leksini, iliyovutwa na kubanwa kwa pini. Imekadiriwa kwa mwili wa wastani na njia ya wastani, navyo vyote viwili havipo Bariadi. Wasukuma wana majina ya udongo wao kwa jinsi unavyoteremka kutoka kilimani: luseni ni mchanga, itogolo ni ardhi ngumu ya chini, na mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni. Itogolo wakati wa kiangazi hutetemesha chombo kama ngoma. Mbuga wakati wa masika huwa tope linalokamata gurudumu, na likikauka huacha makorongo magumu kama saruji. Lami iliyofika kutoka Lamadi katika miaka ya 2010 imepunguza adha kwa anayekwenda Mwanza. Anayekwenda kijijini kwake bado anausoma udongo kwa uti wa mgongo.

Basi fundi huanza kwa kumtazama mtu. Dereva mfupi, ambaye vidole vyake ndivyo vinavyogusa chini anaposimama, hupunguziwa sponji ya mbele ili mguu upate kukanyaga. Mashine yenye abiria na gunia nyuma ikiinama hata kidogo tu, kidole hakiwezi kuizuia. Mrefu huongezewa, ili magoti yasipande kama ya panzi. Sponji ikiwa laini mno, mwenye kununua huifurahia dukani na kuijutia njiani, kwa kuwa hudidimia mpaka mfupa ukakutana na kitako. Ikiwa ngumu mno, damu haipiti na miguu hufa ganzi. Kwa hiyo fundi stadi hutia tabaka mbili: ngumu chini ya kubeba uzito, laini juu ya kupokea mwili. Huchonga kwa kisu, hupitisha mkono, huchonga tena. Mkono ndio mizani yake.

Kisha huja mambo ya mwinamo na mshono. Siti iliyoinama mbele humteremsha abiria kila breki inapokamatwa, mpaka akamgandamiza dereva. Kwa wanaume wawili ni kero. Kwa mwanamke na dereva asiyemjua ni jambo la staha, na staha kwa abiria si pambo. Wanawake wengi, kama ilivyokuwa Unguja enzi za Vespa, walizoea kukaa upande, miguu yote kushoto, wakilinda nguo na heshima. Lakini mkao huo hauna usalama wa kutosha mashine inapoyumba. Dawa ya fundi ni ngazi: kuinyanyua sehemu ya abiria na kuiacha ya dereva chini, ili kuwe na ukingo unaomzuia wa nyuma asiteleze. Mpaka uliofutwa na viwanda fundi huurudisha kwa kisu chake. Ama mshono, uzuri wake una gharama. Kila tundu la sindano ni mlango wa mvua, na sponji iliyokunywa maji humwaga maji hayo katika sare ya mwanafunzi na kanzu ya mwenda msikitini. Fundi mwenye dhamiri hutandika nailoni chini ya leksini kabla ya kuufunga. Asiye na dhamiri hutoa mshono mzuri, akalipwa, na masika yakamfichua.

Baada ya hayo ndipo huja pambo: leksini ya rangi mbili, uzi mwekundu juu ya ngozi nyeusi, nakshi za miraba, jina la mtoto au la timu, kava lenye mashada. Wenye kudharau huona ni ujana. Lakini Usukuma ina historia yake ya kuvuta macho. Tangu karne ya 19 vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, vinavyofuata jadi ya manju wawili, Ngika na Gumha, vimeshindana baada ya mavuno. Na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Kila upande ulibuni kioja cha kuwaita watazamaji, nyoka na fisi wakiwamo. Haidaiwi hapa kwamba siti ya bodaboda imezaliwa na ngoma hizo. Ila kijana anayesimama kijiweni pamoja na wenzake ishirini, wote wakiwa na mashine za aina moja na nauli moja, yumo katika ushindani ambao babu yake angeuelewa mara moja. Macho ya abiria hayana budi yatue pahala. Na wapenzi wa kanga hawatashangaa kuwa pambo hilo hupenda maneno. Kanga husema mgongoni mwa mvaaji. Siti na mudigadi husema mgongoni mwa dereva, na msomaji wake ni yule aliye nyuma.

Pambo husema pia juu ya umiliki. Vijana wengi huanza kwa mashine ya mwingine: huleta hesabu kila siku au kila wiki, au hufunga mkataba wa kulipa mpaka mashine iwe yao. Dereva wa hesabu hana sababu ya kugharimia kiti cha tajiri wake. Hukalia sponji iliyobonyea, na kiuno chake hulipa kile ambacho mwenye mali hakulipa. Siku mkataba unapokwisha, kadi ya pikipiki hubadilishwa jina, lakini kadi hukaa kabatini. Siti mpya ndiyo tangazo linaloonekana na kijiwe kizima. Watemi waliondolewa katika utawala kwa sheria mwaka 1963. Haja ya mtu kuwa na kiti kinachosema yeye ni nani haikuondolewa kwa sheria yoyote.

Lakini ndani ya siti kuna ugomvi ambao pambo haliwezi kuuficha, nao ni ugomvi wa mshikaki. Neno hilo limetoka jikoni: abiria wawili au watatu wamepangwa nyuma ya dereva kama nyama kwenye kijiti. Sheria inakataza. Faini ya makosa ya bodaboda na bajaji, iliyokuwa shilingi 30,000, ilipunguzwa hadi shilingi 10,000 katika bajeti ya mwaka 2021, kwa hoja kwamba ya kwanza ilizidi kipato cha vijana. Siti bapa huruhusu mshikaki. Siti yenye ngazi huukataa, kwa kuwa ukingo ule hauna nafasi ya mtu wa kati. Kwa hiyo fundi anapouliza, "Nikuwekee ngazi?" anauliza zaidi ya starehe. Anamuuliza dereva kama yuko tayari kuacha nauli ya pili. Wako wanaojibu ndiyo, na wako wanaoomba ibaki kama ilivyo.

Ingekuwa rahisi kuwahukumu hao wa pili kwa tamaa. Lakini vijijini siti bapa hufanya kazi nyingine. Mgonjwa asiyeweza kujishikilia huwekwa katikati, dereva mbele yake na ndugu nyuma yake akimkumbatia, na hivyo ndivyo anavyofikishwa hospitali pale ambapo gari halipo au bei yake haishikiki. Mama mwenye uchungu amepita njia hiyo. Mtu wa tatu katika safari ya namna hii si nauli, ni mikono. Ngazi inayomlinda abiria mzima ndiyo hiyohiyo inayomkosesha mgonjwa mahali pa kuegemezwa. Fundi hana jibu la tatizo hilo, kwa maana jibu lake si la sponji. Ni la barabara, magari ya wagonjwa na zahanati. Anachoweza ni kukata kwa kisu pale anapoambiwa, akijua kwamba kila upande anaoukata una mtu wake.

Wapwani wana msemo kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Chomboni, nahodha hukaa tezi, na mbele yake wako waliomwamini. Pikipiki imegeuza mpango huo: mwongozaji yuko omo, na aliyemwamini hakioni kinachokuja ila mgongo wa mwenziwe. Hana usukani, hana breki, hana kioo. Alicho nacho ni shubiri chache za sponji na leksini. Bega la mpagazi halikupata hata hizo. Keria ya Raleigh haikuzikusudia. Kijana wa Busia alizifunga kwa kamba, na fundi wa Bariadi anazichonga leo, msimu wa pamba unapofunguliwa na wateja wanapoanza kuja na fedha mkononi, wakiagiza uzi mwekundu na jina la mtoto. Huandika jina hilo kwa sindano, hupitisha kiganja juu ya siti mbele na nyuma, kisha humwambia mwenye chombo akae. Akishakaa, humwita mtu mwingine yeyote aliye karibu apande nyuma, naye pia aulizwe.